Upindo

Utepe wangu unaishia inchi sitini.
Kwa wateja wengine unatosha na kubaki,
nausokota kidoleni nikiwaza bei ya uzi.
Kwa Wandabwa ukifika mwisho
naweka kidole gumba pale kifuani,
napanda kiti, naanza upya.

Themanini na mbili, nilimwambia kocha Muthengi.
Akaandika kiganjani, akapuliza wino ukauke
kama mtu aliyepewa hundi.

Mtaani wamemwita yote:
nguzo ya stima, ngazi ya wazimamoto.
Wale wa mpira wa kikapu walimjia na viatu vipya mkononi.
Akakataa. Alikuwa ameokota kimpira cheupe
chenye kovu jekundu la nyuzi,
nyuma ya soko la Jericho,
akaniletea kikiwa kimefumuka:
"Mama Syombua, hiki kinashoneka?"
Mimi hushona sare za shule na mapazia.
Nilikishona. Mishono mia na nane,
niliihesabu kwa kuwa mvua ilinyesha na hakuja mteja.

Urefu, mimi naujua, ni kitambaa:
kadiri kinavyozidi mezani
ndivyo fundi mbaya anavyokiharibu kingi.

Nimemtazama kutoka mlangoni, mguu kwenye kanyagio.
Anainua goti, goti linakwenda,
bega linafuata kwa hiari yake,
kiwiko, loo, kiwiko kingali njiani,
kama familia inayohama usiku:
kitanda kimefika Jericho, godoro liko Machakos.
Mpira unapaa, unampita Mogaka mdaka,
unagonga bati la duka la makaa,
na mwenye duka anatoka na matusi ya asubuhi.
Mtu hajikwai mlimani, hujikwaa kichuguuni,
na kichuguu chao cha udongo mwekundu
hakifikii hata rundo la mchanga wa mwashi.

Muthengi anasimama tu, mikono mifukoni.
"Wafupi huijua miili yao mapema.
Huyu kapewa jumba, Mama,
bado anapapasa ukutani akitafuta swichi."
Mwaka mzima alimrushisha taulo badala ya mpira.
Taulo la bluu, mbele ya kioo changu,
fyat, fyat,
na wanawake waliokuja kujaribu magauni
wakangoja zamu, wakicheka.
Mmoja alimuuliza kama huko juu kunanyesha.
Akasema, "Kidogo," akaendelea. Fyat.

Halafu Jumamosi moja ya Julai,
baridi ile inayogandisha vidole hata sindano haiingii,
sikuona. Nilisikia.
Glavu ya Mogaka ilitoa mlio
ambao shuka jipya hutoa
ukilipasua sawasawa na uzi wake.
Nikainua macho.
Kutoka kichuguuni hadi kwa mpigaji ni futi sitini na nusu,
na yeye alikuwa amemeza saba
kabla vidole havijafunguka.
Mpigaji, kijana mzuri wa kutoka Kangemi,
alikuwa bado anajiandaa kuona.
Mogaka alivua glavu, akatazama kiganja chake,
akakivalisha tena bila kusema kitu.

Mara moja tu.
Wa pili ulikwenda kwenye makaa.
Wa tatu pia.

Jana kaja na suruali, vifundo vya miguu viko nje tena.
Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti usawa wa masikio.
"Nikifika miaka ishirini na mitano, Mama,
nitakuwa nimejienea?"
Sikumjibu. Mdomo ulikuwa umejaa pini.
Niligeuza upindo, nikafumua, nikateremsha,
na ndani nikamwachia inchi nne,
zimekunjwa, zimepigwa pasi,
hazionekani,
ila mvaaji akitembea atazisikia uzito wake.

Akalipa nusu.
Nusu nyingine ataleta mwezi ujao.